Niende Mlimani na Shemeji au Kwenye Tope la Baba?

Shangazi Verna mpendwa, shikamoo, na unisamehe kukuletea mambo ya porini wakati wenzangu wanakuletea ya ndoa, lakini nimekwama na msimu wa kuwinda kwa upinde unafunguliwa wiki ijayo. Mimi ni dereva wa basi la shule hapa bondeni, sijawahi kuwinda kitu kikubwa kuliko sungura, ila majira ya baridi yaliyopita baba yangu, Orrin, alinichongea upinde wa jadi, mbao tupu, akaniambia, "Corliss, huu wako, acha kuutazama kama nyoka," na tangu hapo nafanya mazoezi nyuma ya ghala, nikisimama karibu napata, nikirudi nyuma kidogo mshale unakwenda kwa jirani.

Sasa shemeji yangu Dell, mume wa dada, amenialika kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa huku kwetu, kule juu kwenye miinuko ya wazi, mwendo wa siku nzima kwa farasi, anasema madume ya huko yana pembe kama mti uliokauka, na mimi kwa kiherehere nimeshatangaza kazini kwamba naenda, halafu juzi tukila viazi baba akaniambia kuna dimbwi la tope kwenye msitu mnene nyuma ya kiwanda cha zamani cha mbao, elki huja kugaagaa, na panatosha watu wawili, na Shangazi unawajua watu wa hapa, mtu atakuazima gari lakini mahali pake pa kuwindia hamwambii hata mchungaji wake, kwa hiyo nilishtuka, nikacheka kijinga, nikasema, "Baba, pale si kuna vidume vidogo tu?" akasema, "Basi nenda na Dell, atakuonyesha mandhari," akaondoka akikokota goti lake bovu, na hajanipigia simu tena. Nikienda na Dell nimemtupa baba, nikienda kwa baba watanicheka kazini, na nikikosa shabaha nitakuwa nimemharibia mahali alipopatunza maisha yake yote. Niende wapi?

Corliss

Corliss, marahaba. Pole, na sasa keti nikuseme.

Upinde wako unafika hatua chache tu. Kule kwa Dell ni peupe, elki atakuona tangu unapiga miayo, nawe utabaki kumpungia mkono. Dell, kama wote tujuavyo, ana upinde wa kisasa wenye vigurudumu vya kuvutia kamba, anarusha kutoka mbali. Wewe utakuwa mshika farasi. Na ukibahatika, nyama ya mnyama mkubwa kama ng'ombe utaishushaje siku nzima kwenye jua la Septemba bila kuoza? Pembe hazipikiki, mwanangu. Anayeanza huenda karibu na nyumbani, penye miti minene na maji, penye vidume vidogo visivyojua ujanja. Yaani palepale ulipopacheka.

Sasa la baba yako. Ulisikia tope, hukusikia watu wawili. Elki wa Septemba huitwa kwa kuigiza mlio wa dume. Mwitaji hukaa nyuma, mrushaji hukaa kimya mbele yake, na dume likija kumtafuta mpinzani linapita ubavuni mwa mrushaji. Mwitaji hatembei. Anataka kisiki cha kukalia na pumzi ya kupuliza mlio, basi. Mzee mwenye goti bovu amechonga upinde baridi nzima, kisha akakutajia mahali ambapo hata yeye anaweza kufika, na wewe ukamletea habari za pembe. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini lako naona bado zima.

Kuhusu kukosa, utakosa. Wote hukosa, na elki watarudi kwenye tope lao. Ila usiachie mshale kama ubavu hauko wazi, kwa sababu kumjeruhi mnyama na kumpoteza ndiyo aibu yenyewe. Kazini waache wacheke mpaka kahawa ipoe. Dell mpelekee pai, mwambie labda mwakani.

Leo ukishaegesha basi, nenda kwa baba yako, usipige simu. Mwambie, "Baba, nilisema upuuzi." Njia usimuulize, atakuwa mbele yako anaionyesha. Muulize tu ukamchukue saa ngapi.