Pumzi ya Akina Mama wa Mugutha

Mamangu,

Natumaini goti limepoa huko Voi. Huku Ruiru baridi ya Julai haina adabu, na nalishwa githeri mpaka mshipi umenishinda.

Ofisi ya mifugo ilinituma Mugutha kwa Mama Wambui, anayeangua vifaranga kwa mashine. Walikuwa wanamfia ndani ya maganda, na mayai mengine yalikuwa karibu kuanguliwa. Jana nikafungia kipimo chake cha unyevu kwenye mkebe wa plastiki pamoja na chumvi iliyoloweshwa kidogo. Humo kipimo kisicho na kasoro husoma asilimia sabini na tano. Leo asubuhi chake kilisoma tisini. Kumbe kilikuwa kinamdanganya, hewa ya chumba chake, ambayo mashine huivuta, ni kavu mno.

Nikaenda kununua beseni za kuweka maji. Kurudi, nakuta ameita akina mama wa kanisa waombee mayai. Wamejaa chumbani, wanaimba, mlango umefungwa, sufuria ya chai inafuka katikati. Nikaangalia kipimo changu nilichokuwa nimekitundika ukutani. Unyevu ulikuwa umepanda hadi pale pale nilipotaka.

Nikamweleza Mama Wambui polepole kwamba hayo si maombi, ni mvuke wa chai na pumzi ya watu.

Akanitazama kwa huruma. "Na hiyo pumzi, kijana wangu, walipewa na nani?"

Mama, haya mambo nimeyasomea, lakini niliweka beseni chini nikapokea kikombe.

Wasalimie wenzako wa maombi. Mungu akutunze.

Mwanao Mwakio, ambaye sasa anaimba sauti ya tatu na akina mama wa Mugutha