Kituo cha Mstari wa Tatu

Mama, umetimia mwaka tangu Alhamisi ile, saa nne asubuhi, ulipoinamia cherehani kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, na usiinuke tena. Mteja aliyekuja kuchukua sketi yake alikuamkia mara tatu. Ya nne hakuamkia, alipiga ukelele, na Baba akatoka kibandani kwake na kiatu cha mtu mkononi. Kiatu hicho hakukiweka chini mpaka jioni.

Joho la kwaya ulilokuwa ukilishona bado liko chini ya sindano, mkono mmoja umeungwa, wa pili bado. Hakuna aliyethubutu kulitoa. Tunapangusa vumbi pembeni pembeni tu, na mwenye joho tumemwambia atafute jingine.

Watu walikuita Mama Kinanda, na wengine nadhani hawakujua kama una jina jingine. Siku sita miguu yako ilikuwa ya cherehani, ya saba ikawa ya kinanda. Ulikuwa ukisema Mungu alikuumba kuanzia chini, akafika kiunoni akaona inatosha. Kinanda chenyewe ni kile cha kukanyaga, kinachovuta pumzi kwa mvukuto, na mikanda ya vikanyagio ikilegea Baba alikata mingine kwa ngozi ya soli. Kila mkanda ulipokatika ulimlaumu yeye, ukasema ndoa hii itavunjwa na ngozi mbovu.

Watoto wa mtaani walikuletea mashati yaliyotoka vifungo. Hukutaka malipo ila ubeti mmoja wa wimbo wowote, wauimbe wakiwa wamesimama wima. Aliyeimba vibaya alirudishwa kesho yake arudie, hata kama kifungo kilikuwa kimeshashonwa. Leo baadhi yao wana watoto wao, na wakipita mbele ya dirisha letu bado wananyoosha mgongo.

Tuseme ukweli, Mama, kwa kuwa tunasema na wewe: hujaondoka nyumbani. Mchungaji akisoma haya atatukemea, lakini yeye hashindi kwetu. Ikifika saa nne asubuhi Baba huweka nyundo chini na kutega sikio. Husikika kikanyagio cha cherehani mara mbili, kisha kimya. Mama mdogo anasema ni bati linapanuka kwa jua. Siku za mvua pia linapanuka. Hatubishani naye.

Aliyepata taabu kuliko wote ni kitinda mimba wako, mwalimu wa muziki. Habari yake ndiyo iliyotufanya tuandike yote haya gazetini, badala ya picha na mistari minne kama wafanyavyo watu wenye haya. Wewe habari hiyo unaijua. Tunaieleza kwa ajili ya wanaosoma pembeni.

Ni ule wimbo wa kufungia ibada. Kila ulipokaribia mwisho wa mstari wa tatu, miguu yako iliinuka, kinanda kikakata pumzi, na kanisa zima likanyamaza kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha ukakanyaga tena, tukamalizia. Kitabuni kituo hicho hakipo. Wageni walijikuta wanaimba peke yao katikati ya kimya, wakaona aibu, na Jumapili ya pili wakawa wamejifunza. Sisi wanao tulikua tunakijua hivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza, kama vile mtu asivyouliza kwa nini mlango wa kwao unafunguka kwa ndani.

Kitinda mimba naye hakuuliza. Alisahihisha. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuo cha muziki, amepata kazi shule ya karibu, na Jumamosi moja alikuja mazoezi ya kwaya na kitabu chake cha noti chini ya kwapa.

"Mama, hapo hakuna kituo," akasema.

"Hapo wapi?"

"Mstari wa tatu. Angalia mwenyewe, panaenda moja kwa moja. Miaka yote hii unawafundisha watu makosa."

Ulimi hauna mfupa. Wanakwaya ishirini walikuwa wamesimama pale, wengine uliwafundisha wakiwa hawajaota meno ya ukubwani. Wanaume wa sauti ya nne wakaanza kutazama viatu vyao. Wewe ulimtazama juu ya miwani, ukapanguza vibonye kwa ncha ya kitambaa, ukasema, "Haya, mwalimu. Sisi wa mvukuto tumesikia." Watu wakacheka, na yeye akacheka, akadhani yameisha.

Kesho yake ulipiga kama kitabu kinavyotaka. Nusu ya kanisa ilinyamaza, nusu ikaendelea, walionyamaza wakashtuka wakawakimbilia wenzao, na wimbo ukavunjika vipande kama sahani. Watoto waliangua kicheko. Ulimaliza mpaka noti ya mwisho, ukafunga kifuniko, ukatandika juu yake kitambaa ulichokishona mwenyewe. Mzee wa kanisa alipokuuliza kulikoni, ulimjibu maneno mawili, "Miguu imechoka." Jumapili iliyofuata ulikaa benchi la wanawake, mikono mapajani, kama mgeni aliyeambiwa asubiri.

Kitinda mimba alikuona pale benchini. Akajiambia kwamba wiki hiyo hiyo, akimaliza kusahihisha mitihani ya wanafunzi, atakuja nyumbani akuombe radhi. Alipanga aje Ijumaa, akatuma ujumbe kwamba anakuja.

Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wetu alihamia na mizigo yake yote. Siku ya kukuzika tuliimba wimbo ule bila kinanda, tukafika mstari wa tatu, na watu wote waliojaa mle, hata waliokuwa wakilia, wakanyamaza pumzi mbili bila kuambiwa na mtu. Katika kimya kile yeye alisikia vikanyagio vikipanda na kushuka. Alitoka nje akashika ukuta. Tangu siku hiyo alikuwa akifika kanisani nyimbo za mwanzo zikishaisha, na kabla ya ule wa mwisho anatoka, anakwenda kusimama bombani na kufungua maji yamwagike kwa nguvu ili asisikie.

Yalimfuata mpaka kazini. Miguu yake mwenyewe ilianza kukanyaga chini ya meza ya ofisi ya walimu, kulia, kushoto, kulia, kwa mwendo wako hasa, hata akiibana kwa mikono. Mwalimu wa hesabu alimuuliza kama anaumwa. Alijibu kwamba ni baridi, na ilikuwa mchana wa jua kali. Alikonda, Mama. Ungemwona ungempunguzia magauni yote kiunoni.

Mwezi uliopita wazee wa kanisa walikuja nyumbani kumwomba apige kinanda kwenye ibada ya kukukumbuka. Aliwasikiliza kwa adabu, akawaletea maji ya kunywa, akasema hapana.

"Siwezi kukalia kiti nilichomwondoa mwenyewe," alisema. "Mtafute mwingine."

Wazee walipoondoka, Mama mdogo alikuwa anakunja nguo. Nyinyi wawili mlinyonya ziwa moja, na yeye ndiye aliyesimama kando ya kinanda chako akiimba sauti ya pili tangu usichana. Tulimwona anakunja shuka moja mara tatu, anaikunjua, anaikunja tena. Kisha akaitupa.

"Nimeapishwa nisiseme," alisema, "lakini aliyeniapisha ameshakwenda zake, na mimi sitaki kuzika watu wawili kwa kiapo kimoja. Wewe mtoto, kile kituo ni chako."

Kitinda mimba hakuelewa.

"Ulikuwa na miezi minane. Unatambaa, hushikiki, mtoto gani yule! Baba yako yuko nyuma na kaka yako, mimi naimba, basi mama yako akakutandikia kanga pale chini, karibu na miguu yake. Tumefika mstari wa tatu, ukaingiza mkono chini ya kikanyagio. Akahisi kitu laini. Akainua miguu yote miwili, kinanda kikafa, kanisa likanyamaza. Akainama, akautoa mkono wako, akaupulizia, akaendelea. Wewe hata hukulia. Aliyelia ni yeye, nyumbani."

"Halafu?"

"Halafu nini? Tangu siku hiyo akifika pale miguu inapanda yenyewe, macho yanatazama chini. Ukakua, ukaenda shule, ukaota matiti, ukaenda chuo. Yeye bado anatazama chini. Nikamwambia, dada, mtoto yuko kule benchini na vitabu vyake, unamtafuta nani? Akasema, najua, lakini miguu haijui."

Hapo Baba aliweka chini sindano yake ya kushonea viatu. Maskini, yeye miaka yote ile alikuwa amekaa nyuma akidhani kituo kile kinatokana na mkanda kulegea. Ndiyo maana alikuwa akibadilisha mikanda kila baada ya miezi michache, na wewe ukamwacha abadilishe. Tulicheka kidogo, Mama. Ilibidi.

Kitinda mimba hakucheka. "Mbona siku ile hakuniambia?"

"Angekwambia vipi? Mbele ya kwaya? Aseme, mwalimu, kosa lenyewe ni wewe? Alisema, mwacheni, amesoma, afurahie kusoma kwake."

"Alikasirika?"

Mama mdogo akafikiri. "Nisikudanganye. Alikasirika sana. Mama yako hakuwa malaika, alikuwa mpiga kinanda. Lakini Jumatano aliniambia Ijumaa unakuja, akanituma sabuni ya kufulia shuka za kitanda chako."

Basi kitinda mimba alilia mpaka tukaogopa. Na asubuhi yake alikwenda kwa mzee wa kanisa, akasema atapiga.

Jumapili iliyopita alifika kabla ya mlinzi hajafungua. Baba alikuwa ameweka mikanda mipya, ingawa ile ya zamani haikuwa na kasoro. Kanisa lilijaa hadi nje. Kitinda mimba wako alipiga vizuri, Mama, vidole vyake vina shule, na hadi tunafika wimbo wa kufungia tulikuwa tumeanza kupumua. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Miguu yake ikapanda. Kanisa likanyamaza. Akainamisha kichwa, akatazama chini ya kinanda.

Hapakuwa na kitu. Palikuwa na sakafu tu.

Akashindwa kurudisha miguu. Pumzi mbili zikapita, ikaja ya tatu, ikaja ya nne. Urefu wa kimya kile tunaujua kama mtu anavyojua ngazi za kwao, na sasa tulikuwa tumeishukia ngazi ya mwisho, mguu bado uko hewani. Hakuna aliyejua la kufanya. Mtu mmoja alikohoa akajuta. Ulikuwepo mle, Mama, hatuna neno jingine la kulisema hilo. Kila mtu alikuwa ameinamisha kichwa kidogo kuelekea kinandani, kama watu wanaosubiri kuitwa.

Ndipo sauti ikatoka benchi la nyuma. Ilikuwa ya Baba. Yule yule uliyemwambia wiki ya harusi yenu, "Mume wangu, wewe sali tu, kuimba tuachie sisi," naye akatii miaka arobaini bila kufungua kinywa kwenye wimbo. Alilianza neno la mwisho la mstari wa tatu peke yake. Noti yenyewe aliikosa kwa mwendo wa kutosha kupanda basi. Lakini hakuacha. Mama mdogo akamdaka, kwaya ikamdaka Mama mdogo, na kanisa zima likaingia, tukauimba wimbo mpaka mwisho bila kinanda. Kitinda mimba amekaa pale kitini pako, analia waziwazi, na miguu yake imetulia sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka mzima.

Baba anasema saa nne bado anasikia. Hatukuombi uache.

Wanaokukumbuka ni mumeo, fundi viatu, ambaye sasa anaimba na hatujui tutamnyamazisha vipi. Ni mdogo wako wa ziwa moja, mvunja kiapo. Ni kifungua mimba wako, fundi umeme, na mke mwenzako wa utani, yaani mke wake, na wajukuu wawili wanaotaka kujua kama mbinguni kuna cherehani. Ni kwaya nzima, na waliowahi kushonewa vifungo kwa ubeti mmoja. Hatujazoea kutokuwepo kwako, Mama, wala hatuna haraka ya kuzoea.

Na ni kitinda mimba wako. Amesema kosa alilifanya mbele za watu, basi na toba iwe mbele za watu. Ametuomba maneno yake yachapwe kama yalivyo, tusiyaguse:

"Mama, ulinisubiri pale miaka ishirini na mitano, kila Jumapili, wakati mimi sipo tena chini. Mimi sikuweza kukusubiri pumzi mbili. Nisamehe."