Programu Ipo, which Haipo

Jumatatu, 3 Machi
Tumehamia seva mpya ya hospitali. Skripti zangu zote, zile amri nilizoiandikia kompyuta, zimepita – bila hata kosa moja! Nimejipongeza kwa chai.

Jumatano, 5 Machi
Muuguzi wa wodi ya watoto kapiga simu: majibu ya damu hayajafika tangu juzi. Nikamwambia awaulize maabara. Huko kukawaka moto. Mkuu wa maabara akamshukia fundi mkongwe wa maabara, tunayemwita Babu Darubini, kwamba amezembea. Babu akasema ameyaingiza yote kwenye kompyuta, kwa mkono wake. Nani amsikilize? Nilikuwepo. Nikarudi zangu kwenye kompyuta.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeipata. Heri nisingeipata!

Skripti yangu ya kupeleka majibu wodini huuliza kwanza kama ipo programu ya kuyafunga yasisomwe njiani. Isipokuwepo, inaacha kazi kimyakimya. Nilikuwa nauliza kwa which, amri ndogo ya kutafuta programu ilipo. Kumbe kwenye seva mpya programu ipo – which yenyewe ndiyo haipo! Skripti imekosa wa kumuuliza, ikachukulia hakuna. Na ujumbe wa kosa? Niliutupa mwenyewe kwenye /dev/null, shimo la kompyuta lisilorudisha kitu, nisisumbuliwe.

Sasa nimeweka command -v, amri nyingine inayouliza swali lilelile. Hiyo imo ndani ya sheli yenyewe, ile inayozisoma amri zetu, mashine yoyote utakayoikuta. Mstari mmoja tu. Na programu isipopatikana, safari hii skripti ipige kelele.

Saa nne asubuhi majibu ya siku tatu yakamiminika. Muuguzi anasema kuna mtoto alikuwa anayangoja ili aongezewe damu. Yu hai.

Ijumaa, 7 Machi
Kaka yangu anasema nitulie, mambo yameshatengemaa, nani atajua? Kweli, hakuna. Ndilo linaloninyima raha.

Babu kapewa barua ya onyo. Kaikunja mara nne, kaitia mfukoni mwa koti jeupe. "Mwanangu, labda macho yameanza kunichezea," akaniambia. Leo anasoma kila namba mara tatu, kidole juu ya kioo cha kompyuta. Babu! Aliyekuwa anatukosoa sote!

Nimechapa kwenye karatasi ile mistari miwili ya skripti, wa zamani na mpya. Naandika haya kwenye benchi, nje ya ofisi ya mkuu wa maabara. Karani ana daftari la wageni. Kaniuliza nimekuja kwa shauri la nani.

Nikasema la Babu.

Hapana – langu. Amefuta. Anaandika upya.