Blanketi Alilofumua Mama

Mdogo wangu,

Chai ya mama iko kwenye chupa. Dawa apewe baada ya kula, si kabla. ~~Mkasi nimeuficha juu ya kabati.~~ Mkasi nimemrudishia.

Usishtuke ukikuta blanketi lako la harusi limefumuliwa, lile la viraka alilolishona mwaka mzima. Asubuhi nimemkuta kaketi sakafuni, vipande vimemzunguka, anakata nyuzi mojamoja.

"Mama, unafanya nini?"

"Aliyeshona hivi hakufundishwa," akasema. "Tazama mishono ilivyokwenda kombo."

Nikamjibu, kwa sauti ninayoijutia mpaka sasa, kwamba aliyeshona ni yeye. Akaitazama mikono yake kitambo kirefu, kisha akalia. Sisi tumelishwa na cherehani ya mama, lakini sijawahi kumwona akiililia kazi yake.

Kwa hiyo akikuuliza, sema ni kazi ya fundi mwingine. Mtungie sindano, kaa naye mshone upya. Mshono ukipinda, usimsahihishe. Litakalopatikana ndilo utakalokwenda nalo kwako baada ya harusi.

Nitachelewa kurudi kutoka kazini.

Dada yako