Dizeli ya Mafuta ya Mandazi

Saboti, 6 Juni 1993

Kwa Baba,

Hamjambo huko Myanga? Mimi mzima, homa iliisha. Baba, si ulisema nikiwasha injini ya kinu chako cha posho kwa mafuta niliyotengeneza mwenyewe, utatia sahihi fomu nichukue Kemia mwaka ujao? Nikishindwa, nifuate upishi. Fomu inatakiwa Julai tarehe tisa. Mwalimu Chepkorir anatufundisha kugeuza mafuta ya kukaangia yawe dizeli. Mwambie Mama aniwekee yale yanayobaki ya mandazi.

Binti yako, Namaemba

Myanga, 14 Juni

Kwa binti yangu,

Tuko salama, ila ng'ombe anakohoa. Pokea lita tano. Mama ameongeza chupa ya musherekha, yale maji yake ya majivu, ati mboga za shule zilainike. Niliahidi, sirudi nyuma. Lakini ukiniharibia injini, utasagia Myanga yote kwa jiwe.

Baba yako

Saboti, 22 Juni

Baba, salamu kwa wote, na ng'ombe.

Nimekosea. Soda kali ya maabara, ile inayogeuza mafuta, iliisha, nikaona musherekha ni ndugu yake, nikamimina. Kumbe maji hayatakiwi. Asubuhi sufuria imeganda: sabuni! Wenzangu walicheka, kisha wakafulia soksi. Mimi nililia. Imebaki nusu ya mafuta. Sabuni naituma na barua hii, mpe Mama.

Binti yako

Saboti, 1 Julai

Baba, u mzima kweli? Hujajibu, naogopa umekasirika.

Safari hii nilichemsha mafuta maji yaishe, nikatia spiriti na soda kavu. Nikayajaribu kwa kuyatikisa na maji chupani. Hayakugeuka meupe kama maziwa, maana yake hayana sabuni; yalijitenga juu, rangi ya chai ya mkandaa isiyo na maziwa. Mwalimu anapita huko Jumamosi na mtungi na fomu.

Binti yako

Myanga, 5 Julai

Kwa mkemia wangu,

Sote wazima, hata ng'ombe. Sikukasirika. Nilikosa tu neno la kukutuliza.

Nilimimina mafuta yako, nikazungusha mkono wa injini. Kimya. Mara ya pili, kimya. Hapo nikajua kumbe nakuombea ushinde. Mara ya tatu ikanguruma. Imesaga madebe sita, moshi unanukia mandazi, na wanawake kwenye foleni wakaniuliza chai iko wapi.

Fomu nimetia sahihi. Doa hilo la mafuta ni la mkono wangu, usilifute.

Sabuni imeng'arisha shati langu la kanisa, na sasa imeisha. Mama anauliza utakosea tena lini.

Baba yako