Mama Yangu Nesi Haruhusiwi Kuona Kidonda cha Mume Wangu

Shangazi Nanyama, naomba unisaidie kwa sababu nimefanya kitu na sina amani. Mume wangu Ondiek alipasuliwa henia ya kinena, leo ni siku ya sita, karatasi ya hospitali inasema arudi siku ya kumi kutolewa nyuzi, na siku za kwanza alikuwa sawa kabisa, alijipeleka choo mwenyewe, halafu siku ya nne akaanza kutetemeka ndani ya blanketi mbili, na jua la Kisumu unalijua, kidonda kikafura, bandeji ikalowa usaha, nikabadilisha, ikalowa tena. Mama yangu Dorca akaja kutoka Ahero kumjulia hali. Amekuwa nesi wa upasuaji miaka thelathini mpaka akastaafu. Alikuwa sebuleni, Ondiek chumbani, pazia katikati, na kabla hajamaliza chai akaniita kando, "Akello, hiyo harufu naijua. Huyo mtu anaoza. Acha nione." Shangazi, sisi Wajaluo, mama mkwe aone kinena cha mume wa binti yake? Ondiek alisikia, akafoka kutoka kitandani, "Heri nife! Mnataka kuleta laana kwa hii nyumba?" Nami badala ya kusimama na mama nikamsindikiza stendi. Akaniambia nimpeleke Ondiek hospitali siku hiyo hiyo, nikaitikia ndiyo mama, na sikumpeleka, kwa sababu Ondiek anasema siku ya kumi haijafika, tusisumbue madaktari. Nimenunua marashi sokoni Kibuye, nanyunyizia pazia majirani wasinuse. Leo ananiita Sylvia, jina la dada yake aliyekufa. Nimtii mume wangu ama nimsikilize mama?

Akello, Kaloleni

Akello, barua yako imenikasirisha na imeniliza. Uliiandika Ijumaa, nimeifungua Jumatatu, kwa hivyo nimepiga simu yako kwanza. Mama yako ndiye aliyeishika. Anasema Jumamosi alirudi bila kualikwa, akakuta Ondiek hajitambui, akamwita jirani yenu Tom wambebe hadi hospitali. Wamemfungua tena, wamemsafisha, yuko kwa oksijeni. Madaktari hawaahidi chochote.

Sasa acha nikugombeze, maana wengine wenye mgonjwa nyumbani wanasoma. Tarehe ya kutoa nyuzi ni ya kidonda kinachopona. Mtu akishikwa na homa, kidonda kikifura, kikitoa usaha au harufu, mgonjwa akianza kusahau majina ya watu, hiyo tarehe itupe, mpeleke saa hiyo, hata akikutukana njiani. Na usiniambie ni mila! Mama alipokatazwa kuona, si alikuambia umpeleke hospitali? Manesi wa huko ni wakwe zake? Mila gani ilimkataza Ondiek kupanda tuktuk? Mlikuwa mnaogopa, wote wawili, mkajificha nyuma ya pazia na marashi. Pole, Akello, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Akijaliwa kurudi nyumbani, nawa mikono, tazama kidonda kila asubuhi, na ukiona kimebadilika usiombe ruhusa ya mtu.

Halafu kuna hili. Nilimuuliza mama yako Ondiek anaonekanaje leo. Akasema hajui. Tangu Jumamosi anakaa kwa benchi nje ya wodi akishika simu yako na kibeti chako wewe ukiwa ndani na mgonjwa, hajaingia hata mara moja, kwa heshima ya mkwe wake. Akello, mfunike mume wako shuka mpaka shingoni, kisha toka nje umwambie mama yako aingie.