Kitenge cha Mkubwa Nimekiacha Mkekani

Shikamoo Mama Mwanahawa. Kila Jumatano nakusikiliza redioni ukiwasema watu na mimi nacheka, leo nisemwe mimi, ila naomba jina langu usilitaje, na majina ya wenzangu nimeyabadilisha, maana Heru Juu yote inakusikiliza na nikitambulika nimekwisha.

Mama, mimi ndiye mtoto wa kwanza kwetu, nina miaka thelathini na nne, sijaolewa, na mdogo wangu Theodosia amepata mchumba, na kwenye ukoo wetu mdogo akichumbiwa kabla ya mkubwa wageni wanaleta kitenge cha mkubwa, kinawekwa juu ya mkeka, mkubwa akikichukua akajifunga kiunoni mbele ya watu basi posa inaendelea, akikiacha pale pale wageni wanaaga na kuondoka na pombe yao. Jumapili iliyopita kililetwa, kitenge kizuri cha zambarau, nikakitazama, nikainuka, nikaenda zangu jikoni nikajifanya nachochea moto wa maharage. Punde nikasikia pikipiki zinawashwa.

Sasa sikia balaa lenyewe. Mchumba ni Ndayisaba wa Kagerankanda, anachoma matofali, wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, yeye kazaliwa hapa hapa, ni raia, kitambulisho anacho, Kiha anaongea kutuzidi sisi wenyewe, lakini kwetu bado anaitwa mkimbizi. Kwa hiyo nilipokiacha kile kitenge wote walidhani nimemkataa kwa ajili hiyo, na baba mdogo Kipriani, ambaye ndiye anasimamia mambo yetu tangu baba afariki, alinifuata jikoni akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, wewe ndiye mwanaume wa nyumba hii, umetulindia ukoo." Nikaletewa na soda. Mama, hawa watu tangu nimekua kazi yao ni kuniuliza unaolewa lini, unamngoja nani, unajiona nani, na siku hiyo nikawa shujaa.

Na wala si kweli! Sikukiacha kwa sababu ya ukimbizi. Nilikiacha kwa sababu huyo mwanaume alikuwa wangu.

Alikuwa ananipakia kwenye baiskeli kutoka gulioni, na kila tukikaribia nyumba za kwetu namwambia nishushe hapa, wewe pita njia ya mtoni, kanisani tunakaa kama hatujuani, akitaka kuja nyumbani namwambia subiri kwanza, watu watasema, subiri Theodosia amalize chuo, subiri mama apone, akasubiri mpaka akachoka akaacha kupiga simu, na mimi nikajisemea afadhali. Theodosia hajui lolote. Wamekutana mwaka jana kwenye ujenzi wa darasa, yeye anafundisha pale, na huyu mtoto hana haya hata kidogo! Anapanda pikipiki ya Ndayisaba katikati ya gulio, mchana kweupe, kamshika kiuno, anacheka mpaka huku unamsikia, wanawake wakimwita mke wa mkimbizi anawajibu, "Ndiyo, karibuni harusini." Mimi naumwa, Mama. Akiongea naye kwenye simu natoka nje. Akisuka nywele najua anamsukia nani na sahani naisukuma pembeni. Na yule mwanaume siku hizi ananiita shemeji, kwa heshima zote, macho makavu, utadhani hajawahi kunibebea mihogo. Wakati mwingine naona simtaki hata yeye, nautaka ule mchana anaotembea nao mdogo wangu, halafu usiku ukifika najua namtaka na yeye pia.

Wageni wanarudi Jumamosi hii na kitenge kinaletwa mara ya pili, na kwetu mara ya tatu haipo. Baba mdogo anataka nikiache tena, na safari hii nitamke mbele ya wazee kwamba sisi hatuozeshi kwa wakimbizi, tayari ameshamwandalia Theodosia mwanaume mwingine, mwenye duka Kibondo. Theodosia hali, haongei na mimi, jana tu ndiyo kaniuliza, "Dada, hata wewe?" nikabeba ndoo nikaenda mtoni. Nikikichukua nitawaona pamoja kila sikukuu mpaka naingia kaburini, nikikiacha nimemmaliza mdogo wangu. Nifanye nini Mama?

Ni mimi, Heru Juu.

*

Marahaba, mwanangu wa Heru Juu.

Majina umebadilisha, kitenge umekiacha vile vile! Nikisoma hii hewani leo, hata mbuzi wa kwenu watakujua. Kwa hiyo majibu nakutumia kwanza kwenye simu yako, na redioni siisomi mpaka wewe mwenyewe unitumie ujumbe kwamba nisome.

Barua nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikakuonea huruma, mara ya pili nikatamani nikuchape. Huruma kwanza. Kumpenda mtu huku unaogopa kuonekana naye ni mateso, na haya hiyo hukuzaliwa nayo, ulifundishwa, na waliokufundisha ndio leo wanakunywesha soda. Mama yangu mimi ni Muha aliyeolewa na mtu wa pwani. Wifi zake walimwita majina nisiyoweza kuyatamka redioni, na futari yao akawapikia. Najua watu wanavyoweza kumla mtu akiwa hai.

Haya, huruma imekwisha.

Kuona wivu sikukatazi, wivu ni wako na umekupata kihalali. Kinachonikera ni kwamba umeuficha nyuma ya matusi ya Kipriani. Ulishindwa kumwambia baba yako mdogo kwamba unampenda Ndayisaba, sasa unamwacha aseme kwa mdomo wako kwamba Ndayisaba si mtu wa kuolewa naye. Zamani ulimficha huyo kijana. Jumapili umemtukana, yeye na mama yake na watoto atakaowazaa, na hukufungua hata kinywa.

Na usijidanganye, ukikiacha kitenge mwanaume hakurudii. Theodosia ataondoka naye bila baraka ya mtu, huyo mtoto nimeshamwelewa, na wewe utabaki hapo na baba yako mdogo mkisifiana.

Kesho nenda shambani na mdogo wako, nyinyi wawili tu, na majembe yawekeni mbali. Mwambie, "Nilikuwa na Ndayisaba, nikamficha, akachoka, na siku ile kilichoniinua mkekani ni wivu." Usipambe, usijitetee, wala usimwambie bado unamtaka, huo mzigo ubebe mwenyewe. Atakasirika, na ana haki. Akiuliza kwa nini Ndayisaba hakumwambia, mjibu akamuulize Ndayisaba, maana naye ana kinywa na amekaa kimya muda mrefu mno kwa mtu anayeleta posa. Wayamalize wao. Theodosia akibadili mawazo, yawe yake, yasiwe ya ukoo.

Akisema bado anamtaka, nenda kwa Kipriani. Mwambie kwamba kitenge hukukiacha kwa sababu ya ukimbizi na hilo neno hutalitamka mbele ya mzee yeyote. Atauliza, sasa ulikiacha kwa nini? Mwambie, "Nilimtaka mwenyewe, nikawaogopa ninyi." Utatetemeka. Tetemeka, lakini sema mpaka mwisho, maana maneno hayo ulitakiwa kuyasema wakati baiskeli bado inakuja kwa ajili yako.

Baada ya harusi, ukiona huwezi kukaa karibu nao, hama kwa muda. Njoo huku kwangu Kibondo, lima, fanya biashara, na mwanaume mwingine akikupakia asikushushe njiani. Ila usiondoke kabla ya harusi, ukiondoka kabla umekiacha tena.

Jumamosi kikiwekwa mkekani usikawie. Kichukue, kifunge vizuri, halafu kaa mbele, si jikoni. Sikuambii ufurahi, wala usijichekeshe kwa ajili ya wageni. Machozi yakikutoka usiyafute haraka. Watu wataulizana una nini. Waulizane.